Hasira Inayojua pa Kutua

Trafiki alinyoosha mkono, na shemeji akaegesha gari pembeni, magurudumu ya kushoto yakiingia vumbini. Kosa lilikuwa wazi. Alipita kwenye zebra huku mama mmoja mwenye ndoo kichwani ameshaweka mguu barabarani. Trafiki alikuwa na haki ya kumwandikia. Ila kabla ya kuandika alimsema. Alimsema mbele ya mkewe, mbele yangu na mbele ya mtoto, kwa sauti iliyowafanya wauza matunda wa kando ya barabara wageuze shingo. "Mtu mzima hovyo! Leseni ulipewa na nani?"

"Samahani afande," shemeji akajibu. Kisha tena: "Ni kweli afande, nimekosa." Alitabasamu. Akapokea karatasi ya faini ya shilingi 30,000, akaikunja vizuri na kuiweka mfuko wa shati. Tulipoondoka, mkewe, ambaye ni binamu yangu, akaanza kulalamika, na shemeji ndiye aliyemtuliza. "Yule naye yuko kazini. Amesimama juani tangu asubuhi, hajui hata atakula saa ngapi. Muache tu."

Nilimheshimu sana kwa maneno yale.

Tukafika kwao. Akapiga honi mara moja, mara ya pili, ya tatu akaibonyeza bila kuachia. Geti lilichelewa kwa sababu wingu lilikuwa limefunga na dada wa kazi alikuwa uani akianua nguo. Alikuja mbio, nguo za mtoto zikiwa begani. Shemeji alikuwa ameshashuka. Sitaandika aliyomwambia. Funguo alizorusha zilipita karibu na sikio la yule binti, zikagonga ukuta na kuanguka kwenye dimbwi la maji ya kufulia. Mtoto, ndani ya gari, akaziba masikio kwa viganja, na nikaona kwamba haikuwa mara yake ya kwanza.

Jioni, tukinywa chai, shemeji aliniambia kwa unyenyekevu wa kweli: "Shemeji, usinishangae. Mimi nina hasira za karibu. Zikishapanda, siwezi kujizuia."

Lakini nilikuwa nimemwona akijizuia.

Neno "siwezi"

Wiki zikapita na lile neno halikunitoka. Mtu wa namna hii si mgeni kwa yeyote kati yetu. Kazini ni mpole, wateja wanamsifu, msikitini au kanisani anashika nafasi ya mbele, na nyumbani watu husikiliza jinsi anavyofunga mlango wa gari ili wajue usiku utakuwaje. Hayo tunayajua. Kilichonikera ni kwamba shemeji hakuwa anasema uongo. Aliamini kabisa kwamba hawezi.

Ila tangu tuondoke pale kwa trafiki hadi getini haikupita hata nusu saa. Aliyeshindwa kujizuia kwelikweli angeshindwa popote. Angemrushia funguo afande. Hasira ya shemeji ilimtazama aliye mbele yake, ikapima, ikajua huyu ana kalamu na sare, na yule ana nguo za mtoto begani na mshahara wake uko mikononi mwa shemeji. Ikachagua.

Wahenga walituachia "mwenye nguvu mpishe", na ni usia mzuri kwa anayetaka kufika salama. Ila usia huo haukusema, ukishampisha, ile hasira unaipeleka wapi. Mwaka 1939 John Dollard na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale waliandika kwamba hasira isiyoweza kumfikia aliyeisababisha huhamia kwa mwingine, na mara nyingi mwingine huyo ni yule asiyeweza kulipiza. Sidhani kama dada yeyote wa kazi wa Dar es Salaam angehitaji kuambiwa hilo na Yale.

Nikajaribu kumtetea

Shemeji ni mtu ninayempenda, kwa hiyo nilitafuta njia ya kumtetea. Nilijiambia kwamba subira ni akiba, na ya siku ile aliimaliza yote kwa afande. Alipofika getini mfuko ulikuwa mtupu.

Wazo hilo lina wakubwa wake. Mwaka 1998 mwanasaikolojia Roy Baumeister na wenzake waliwaketisha watu wenye njaa mbele ya biskuti zilizotoka kuokwa. Wengine wakaruhusiwa kuzila, wengine wakaambiwa wale figili tu. Baadaye wote wakapewa fumbo lisilo na jibu, na wale wa figili, waliokuwa wamejinyima, wakakata tamaa mapema. Kutokana na hapo ikaenea imani kwamba nguvu ya kujizuia hupungua kila inapotumika. Nami niliikumbatia siku kadhaa, kwa sababu ilimwokoa shemeji na mimi nikalala.

Kisha nikakutana na kilichofuata. Mwaka 2016 maabara 23 za nchi mbalimbali zilijaribu kuona kama nguvu hiyo hupungua kweli, kwa watu zaidi ya 2,000 na kwa utaratibu mmoja uliokubaliwa mapema. Athari waliyoipata ilikuwa ndogo sana, karibu na sifuri. Mjadala haujafungwa, na kila aliyewahi kulea watoto akiwa na usingizi wa saa tatu anajua kuwa uchovu hufupisha subira. Mimi mwenyewe sitabisha hilo. Lakini uchovu ungemfanya awe mkali kwa kila mtu. Jioni ileile simu iliita, alikuwa bosi wake, na shemeji akapokea kwa sauti laini kama hakuna lililotokea. Mfuko haukuwa mtupu.

Barabarani kulikuwa na nini?

Hapa ndipo mawazo yangu yalipogeuka, na nataka niende polepole.

Mwanzoni nilifikiri hivi: basi shemeji anao ustadi wa kutawala hasira, ila nyumbani hautumii. Nikawa nimejibu swali na kulifunga. Baadaye nikalirudia tabasamu lake mbele ya trafiki na nikaona kuwa nilikuwa nimeliita ustadi kabla ya kulichunguza.

James Gross wa Chuo Kikuu cha Stanford ametumia miongo kadhaa kutofautisha namna watu wanavyoshughulikia hisia zao. Mbili kati ya hizo zinatuhusu. Ya kwanza ni kuificha hisia ikiwa imeshafika: uso unatulia, mdomo unafungwa. Katika majaribio yake na Robert Levenson miaka ya 1990, watu walioambiwa wafiche hisia zao wakitazama filamu za kuchukiza walifaulu usoni, lakini hisia yenyewe haikupungua, na mwili, kuanzia jasho la ngozi hadi mishipa ya damu, ulionyesha kazi kubwa zaidi. Ya pili ni kulitazama jambo upya kabla hisia haijashika hatamu: kujiuliza kama tafsiri yako ya kilichotokea ndiyo pekee. Hiyo hupunguza hisia yenyewe, na mwili haulipi gharama ileile.

Shemeji alifanya zote mbili kwa afande. Alificha uso, sawa. Lakini pia alimtazama upya: amesimama juani, hajui atakula saa ngapi. Alimtafutia udhuru, na udhuru ule haukuwa wa kujifanya, maana aliusema tukiwa tumeshaondoka, afande hasikii.

Kwa yule binti hakutafuta udhuru wowote. Na ulikuwepo, begani kwake, nguo za mtoto wa shemeji mwenyewe, zisilowe.

Hofu ndiyo iliyofanya kazi barabarani. Tunayemwogopa tunamsoma kwa makini: tunaangalia uso wake, tunajiuliza amelalaje, ana shida gani, tunamwelewa haraka ili mambo yaishe. Tusiyemwogopa hatumsomi. Anachelewa, basi amedharau. Anasahau, basi amefanya makusudi. Udhuru unapanda ngazi kwenda juu, na lawama inashuka.

Kama hivyo ndivyo, basi ninachokiita ustadi wa kutawala hasira ni kile tu kinachobaki pale ambapo hofu haipo. Kabla ya hapo sijui kama mtu anao au hana. Ninamwona akiogopa tu.

Kuhusu "kuitoa moyoni"

Binamu yangu alipendekeza mumewe ajiunge na jimu akapige gunia la mazoezi, atoe ya moyoni. Nadhani ni ushauri wenye nia njema na usio na faida. Mwanasaikolojia Brad Bushman alichapisha mwaka 2002 jaribio la wanafunzi 600 waliokasirishwa kwa makusudi. Waliopiga gunia huku wakimfikiria aliyewaudhi walibaki na hasira nyingi zaidi na wakawa wakali zaidi kuliko waliokaa kimya wasifanye lolote. Mwaka 2024 yeye na Sophie Kjærvik walipitia tafiti 154 zenye washiriki zaidi ya 10,000. Kinachopoza hasira ni kile kinachoushusha mwili: kupumua taratibu, kulegeza misuli, kutulia. Kukimbia na kupiga vitu hakukusaidia kwa ujumla. Vivyo hivyo kijiweni, pale tunapolisimulia tukio mara ya tano na kila mara tunaongeza chumvi. Hasira haipungui, inapigiwa mazoezi.

Pwani hili lilikuwepo zamani. Mafundisho ya Mtume (s.a.w.) yaliyopokewa na Abu Daud yanamwambia aliyeghadhibika akiwa amesimama aketi, na isipomtoka ajilaze. Aliyeketi ni vigumu kurusha funguo.

Mtu wa kawaida wa kwenye sheria

Rafiki yangu mmoja ni wakili, na nilipomsimulia haya alinionyesha kitu ambacho sikuacha kukifikiria. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, vifungu vya 201 na 202, inasema aliyeua kwa ghadhabu ya ghafla baada ya kuchokozwa, kabla hajapata muda wa kupoa, hatahesabiwa kuwa ameua kwa kukusudia. Kipimo cha uchokozi ni mtu wa kawaida wa jamii anayotoka mshtakiwa: je, naye angepoteza uwezo wa kujitawala? Kenya wanayo karibu maneno hayohayo, vifungu vya 207 na 208. Tuliyarithi kwa Waingereza.

Naelewa huruma iliyomo. Binadamu huvunjika, na mahakama inapaswa kujua hivyo. Lakini hebu tuulize nani hukasirika ghafla na kupiga papo hapo. Ni yule ambaye akipiga, pigo lake litamwangusha mwenzake. Asiye na nguvu hana hasira za karibu. Akizitoa papo hapo ataumia yeye.

Huko Uingereza lilidhihirika kwa Kiranjit Ahluwalia, mwanamke aliyepigwa na mumewe kwa miaka kumi. Mwaka 1989 alimwasha moto akiwa amelala, na mume akafa. Alihukumiwa kwa mauaji, kwa sababu hasira yake haikuwa ya ghafla: ilikuwa imekaa. Mwaka 1992 Mahakama ya Rufani ilitengua hukumu hiyo kwa misingi ya hali yake ya akili, na baadaye akaachiwa huru. Alichokifanya ni cha kutisha na sikitetei. Nataka tu tuone jinsi kipimo kilivyokatwa kwa mwili wa mwenye nguvu. Waingereza wenyewe walikifuta kwa sheria ya mwaka 2009 iliyoanza kutumika Oktoba 2010, na sheria yao mpya haihitaji tena kwamba kujitawala kupotee ghafla. Sisi tumebaki na maneno waliyotuachia.

Na si mahakamani tu. Katika utafiti wa kitaifa wa afya wa Tanzania wa mwaka 2015/16, asilimia 58 ya wanawake na asilimia 40 ya wanaume walikubali kuwa zipo sababu zinazompa mume haki ya kumpiga mkewe. Wanawake wengi kuliko wanaume. Nilisimama kwenye takwimu hiyo muda mrefu. Tumefundishwa kumtafutia udhuru aliye juu mpaka tunamtafutia hata anapotupiga.

Aliyefanya mazoezi kuliko wote

Nilirudi kwao baadaye, shemeji akiwa kazini, nikamkuta yule binti anachambua mchicha. Nikaketi naye tukachambua. Nilimuuliza siku ile ya funguo alijisikiaje. Akacheka kidogo, akasema, "Nilikasirika mama. Ila nikikasirika mimi, nitalala wapi?"

Semina za makazini zimejaa siku hizi kuhusu akili hisia, jina walilolitolea maelezo wanasaikolojia Peter Salovey na John Mayer mwaka 1990: kuzitambua hisia zako na za wengine, kuzielewa, kuziendesha. Yule binti anamtambua shemeji kwa mlio wa honi. Anajua siku ya kuweka chai mezani na kuondoka na siku ya kubaki kidogo. Akitukanwa anashusha macho, anapumua, anaokota funguo dimbwini na kuzifuta kwa kanga yake. Hakuna cheti atakachopewa. Lakini sitaki nimsifu kwa hilo, kwa sababu ningekuwa narudia kosa lilelile. Alichokuwa nacho pale getini ni hofu, kama aliyokuwa nayo shemeji kwa afande. Tofauti ni kwamba afande wake halali mbali, yuko chumba cha pili, kila siku.

Na kuna swali ambalo sina raha nalo: hasira ya yule binti inatua wapi? Mchana kutwa anabaki na mtoto.

Mazungumzo na shemeji

Nilimwambia. Si yote, na si kwa ukali. Mimi ni mdogo kwake na kuna namna ya kusema. Nilimuuliza tu: shemeji, mbona yule afande ulimwonea huruma?

Alinyamaza, kisha akajitetea: hajawahi kumpiga mtu, yeye ni maneno tu, na binti analipwa vizuri. Nikamwacha amalize. Mkewe, aliyekuwa kimya muda wote, ndiye aliyesema: "Baba Zawadi, bosi wako akikuudhi huwa unamwomba dakika moja ufikirie. Mimi hujawahi kuniomba hiyo dakika."

Akauliza, "Sasa nifanye nini?" Na aliuliza kweli.

Sikuwa na cha kumfundisha asichokijua. Alichofanya kwa afande ndicho hichohicho: alishusha sauti, akapunguza mwendo wa maneno, akatulia ndani ya kiti, na akajiuliza huyu mtu ametoka wapi na siku yake imekuwaje. Nilimwambia ajaribu hilo swali la mwisho kwanza, kwa sababu ndilo linalobadilisha kitu. Kupumua taratibu kunampa muda, ila ni lile swali linaloamua muda huo utafanya nini. Na nilimwambia alitaje jambo kwa jina lake, hata kimoyomoyo: nimeaibishwa leo barabarani. Mwanasaikolojia Matthew Lieberman na wenzake walionyesha mwaka 2007 kwamba kuitaja hisia kwa neno hupunguza mshtuko wa amigdala, sehemu ya ubongo inayolia kama king'ora. Shemeji hakuwa na hasira na geti. Aliaibishwa mbele ya mwanawe, na hakuna aliyemruhusu aseme hivyo.

Je, inatosha? Nina shaka. Kule Kampala shirika la Raising Voices lilibuni mpango uitwao SASA! ambao haukuanza na hasira kabisa. Wanajamii waliwauliza majirani zao: nani ana nguvu juu ya nani, na anaitumiaje? Jaribio lililofanyika kati ya mwaka 2007 na 2012 na kuchapishwa 2014 lilikuta kwamba kwenye mitaa iliyopitiwa na mpango huo, ukatili wa kimwili wa wenza katika mwaka uliotangulia ulikuwa chini kwa asilimia 52 kuliko mitaa mingine. Naamini walianzia mahali sahihi. Mwanamume akijifunza kupumua huku bado anaamini kwamba dada wa kazi hana haki ya kuchelewa, atapumua vizuri kisha atamtukana taratibu.

Wa kuulizwa

Anas bin Malik alimtumikia Mtume miaka kumi, akiwa bado kijana mdogo. Ushuhuda wake umepokewa na Bukhari na Muslim: katika miaka yote hiyo hakuwahi kuambiwa hata "uff", wala kuulizwa kwa nini umefanya hivi au kwa nini hukufanya vile. Nimeusikia tangu madrasa na sikuwahi kujiuliza ni nani aliyekuwa anazungumza. Ni mtumishi. Kuhusu tabia ya mtu ndani ya nyumba yake, aliyeaminiwa kutoa ushahidi ni aliyekuwa chini yake.

Sisi tunafanya kinyume. Ukitafuta kazi unaleta majina ya waliokuwa mabosi wako. Ukitaka uongozi tunauliza wakubwa wenzako. Na kijana akija kuposa, wajomba wanakwenda kupeleleza kwa imamu, kwa mjumbe wa nyumba kumi, kwa wafanyakazi wenzake, yaani kwa wote aliowahi kuwatabasamia kwa hofu.

Mwaka huu kwetu kuna posa. Wajomba wamekwisha kugawana watu wa kuwauliza, na majina ni ya heshima. Mimi nimeomba kazi moja tu, na wamekubali baada ya kubishana kidogo: nitafutiwe namba ya dada aliyekuwa akifanya kazi kwa kijana huyo, yule aliyeondoka.